Tazama Tarehe Kwenye Cheti Chako

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanajumuiya katika sherehe ya Jamhuri, London



Nimepewa dakika ishirini kati ya chakula na muziki, na hiyo ni nafasi ngumu kwa mtu anayekuja kuzungumza habari za sheria. Lakini mwenyekiti ameniambia kwamba kuna swali moja ambalo limekuwa likirudi kila tunapokutana tangu uchaguzi wa 2022: "Mimi nina pasipoti ya Uingereza. Naweza kupiga kura ya Kenya?" Jibu langu huanza kwa swali jingine. Uliapa lini?

Wengi wetu tuna kile cheti cha uraia wa Uingereza nyumbani. Kwa wengine kiko kwenye fremu ukutani, kwa wengine kiko ndani ya bahasha pamoja na bili za zamani. Walioapa kuanzia 2004 wanakumbuka sherehe yenyewe, kwa maana sherehe hizo za kula kiapo hadharani zilianza mwaka huo, na ya kwanza ilifanyika hapa hapa London, katika ukumbi wa baraza la Brent. Waliotangulia waliapa mbele ya wakili na cheti kikaja kwa posta. Vyovyote ilivyokuwa, kwenye karatasi ile kuna tarehe. Leo usiku ukifika nyumbani, itazame.

Ikiwa tarehe hiyo ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 2010, basi siku ulipokuwa Mwingereza, sheria ya Kenya ilihesabu kwamba umeacha kuwa Mkenya. Hakuna aliyekuandikia barua. Hakuna aliyekuja kuchukua kitambulisho chako. Katiba ya zamani ilisema kwamba mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Kenya unakoma, basi. Ndiyo maana watu wengi hawakujua. Uliendelea kwenda nyumbani Desemba, ukapanga foleni uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukilipia viza ya kuingia nchi uliyozaliwa, ukanung'unika, ukalipa. Ile ada ya viza ndiyo ilikuwa barua yenyewe.

Ikiwa tarehe ni ya baada ya hapo, hali yako ni nyingine kabisa. Tarehe 27 Agosti 2010 Rais Kibaki alitia sahihi Katiba mpya pale Uhuru Park, na Kifungu cha 16 kikaanza kufanya kazi: raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Wewe hukupoteza kitu. Una wajibu mmoja, nao ni kuiarifu serikali ya Kenya kwamba una uraia wa pili. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inatoa miezi mitatu ya kufanya hivyo, na adhabu ya kunyamaza ni kali: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa maoni yangu ni adhabu iliyopita kiasi kwa kosa la kuchelewesha fomu, lakini ndivyo ilivyoandikwa, na fomu yenyewe si ngumu.

Sasa fikirini ndugu wawili, tumbo moja, wanaoishi nyumba moja pale Barking. Kaka aliapa Juni 2010, dada akaapa Oktoba mwaka huo huo. Walifanya mtihani ule ule, walilipa ada ile ile, wote wana pasipoti zinazofanana. Dada ni Mkenya mpaka leo bila kuomba lolote. Kaka si Mkenya mpaka aombe. Miezi minne tu imewatenganisha.

Nataka nikae kidogo kwenye neno hilo, aombe. Kifungu cha 14, sehemu ya 5, kinasema kwamba mtu aliyekuwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa, na ambaye siku Katiba ilipoanza kutumika alikuwa ameshaacha kuwa raia kwa sababu alichukua uraia wa nchi nyingine, ana haki ya kurejeshewa uraia wa Kenya akiomba. Kuna nusu mbili hapo na watu huisikia moja tu. Wapo wanaosikia "ana haki" wakaenda zao kulala, wakidhani Katiba imeshawarudishia. Haikuwarudishia. Na wapo wanaosikia "akiomba" wakaogopa, wakidhani watahojiwa kama mgeni anayetafuta hifadhi, na kwamba afisa fulani anaweza kuwakatalia kwa kutopenda sura zao. Nao wamekosea. Wewe huombi hisani. Unathibitisha kwamba ulikuwa raia wa kuzaliwa, na kwamba uliacha kuwa raia kwa sababu ya pasipoti hii ya huku.

Mzee mmoja aliniambia, "Mimi kipande changu ninacho, kiko kwenye kabati, kwa hiyo mimi ni Mkenya." Nilimwambia akitunze sana, kwa kuwa kipande hicho ni ushahidi mzuri kuliko wote kwamba alikuwa raia. Kuonyesha kwamba ni raia sasa ni jambo jingine, na kipande peke yake hakifanyi kazi hiyo.

Mnakumbuka yaliyompata Miguna Miguna. Alikuwa amechukua uraia wa Kanada kabla ya 2010. Alirudi Kenya, akafanya kazi serikalini, akapewa pasipoti ya Kenya, na mwaka 2017 akagombea ugavana wa Nairobi. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza habari za fomu. Februari 2018, baada ya kumuapisha Raila Odinga pale Uhuru Park, ghafla serikali ikasema huyu si Mkenya, alipoteza uraia wake alipochukua wa Kanada na hajaomba kurejeshewa. Akapandishwa ndege. Akarudi Machi, akapandishwa nyingine. Desemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba serikali ilivunja Katiba, na akaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 7. Hata hivyo Miguna hakukanyaga tena Nairobi mpaka Oktoba 2022. Kila mtu na maoni yake juu ya siasa za Miguna, na leo si siku ya kuzijadili. Ninachotaka mwone ni kwamba karatasi iliyokaa kimya kwa miaka mingi inaweza kutolewa siku ambayo mtu mwenye mamlaka amekukasirikia. Yeye alikuwa na mawakili na kesi kwenye magazeti. Mimi na wewe tungekuwa na nini?

Turudi kwenye kura. Kifungu cha 83 kinataka mpiga kura awe raia mtu mzima, asiwe ametangazwa kuwa na akili isiyo timamu, na asiwe amehukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyopita. Neno la kwanza ni raia. Bila hilo hakuna la pili. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inaongeza kwamba unaandikishwa kwa kuonyesha kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya. Kwa hiyo yule kaka wa Barking ana milango mitatu mbele yake, na inafunguka kwa zamu: kwanza arejeshewe uraia, pili apate kitambulisho au pasipoti ya Kenya, tatu aingie kwenye sajili ya wapiga kura. Akifika mlango wa tatu bila kupita wa kwanza, anajiandikisha kwa jina la uraia ambao hana, na hilo ni kosa ambalo simtakii mtu.

Milango hiyo inachukua muda, na wa tatu haukai wazi. Kwa uchaguzi uliopita, uandikishaji wa Wakenya wa huku ulifanyika kwa wiki chache tu mwanzoni mwa 2022, na kura ikapigwa tarehe 9 Agosti. Waliokuja Ubalozi pale Portland Place mwezi wa Juni wakiwa na furaha yote na pasipoti zote, walikuta sajili imefungwa. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Anayengoja mpaka mwaka huo ufike ndipo aanze kutafuta cheti chake cha kuzaliwa, amechelewa. Na mkishaandikishwa, kumbukeni kwamba hati uliyojiandikisha nayo ndiyo utakayokuja nayo siku ya kura. Usiandikishwe kwa pasipoti kisha uje na kitambulisho.

Nisiwadanganye juu ya kura yenyewe. Ukiwa London unapiga kura ya urais tu. Hutamchagua gavana wa Mombasa wala mbunge wa kwenu. Na safari ya kufika hata hapo imekuwa ndefu. Katiba ilisema haki ya Wakenya walio nje itatekelezwa hatua kwa hatua, na hatua zimekuwa fupi. Mwaka 2013 waliopiga kura nje ya nchi ni walio katika nchi 4 za jirani: Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini. Sisi wa Uingereza tulingoja mpaka 2022, nchi zilipofika 12. Wenzetu walikuwa wamekwenda mahakamani kulalamikia mwendo huo, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikakubaliana na Tume ya Uchaguzi kwamba hatua kwa hatua maana yake ni hatua kwa hatua.

Mwaka huo wa 2022, Wakenya wote walioandikishwa nje ya nchi, katika nchi zote 12, walikuwa 10,443. Ndani ya nchi na nje pamoja walikuwa 22,120,458. Rais Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura 233,211. Kwa hiyo asije mtu kuwaambia kwamba kura za nje zingegeuza matokeo. Hazingegeuza. Lakini watu hao hao wa nje, mwaka 2024, walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 za Marekani kwa hesabu ya Benki Kuu ya Kenya. Pesa zetu zinahesabiwa kwa mabilioni na sisi wenyewe tunahesabiwa kwa maelfu kumi. Kila tunapoomba kituo Birmingham au Manchester, ili mtu asilazimike kulipa nauli ya treni kuja London kupiga kura moja, tunaulizwa: wale mlioandikishwa ni wangapi? Kituo kinafuata sajili. Na sajili, kwa sehemu kubwa ya kizazi kilichokuja huku miaka ya 1980 na 1990, imekwama kwenye mlango ule wa kwanza.

Sasa nitasema jambo ambalo huwashangaza watu wengi. Ni nani kati yetu alichukua uraia wa Uingereza ili apate kura ya huku? Inueni mikono. Naona mikono. Hamkuihitaji, ndugu zangu. Kenya ni nchi ya Jumuiya ya Madola, na raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kwa kibali halali huandikishwa na kupiga kura katika chaguzi zote za Uingereza, za ubunge na za mabaraza. Hata tangu 2023, walipoanza kudai kitambulisho chenye picha kituoni, pasipoti ya Kenya inakubaliwa. Kwa hiyo mtu aliyeapa mwaka 1998 hakuongeza kura yoyote hapa London, maana tayari alikuwa nayo. Alichofanya ni kupoteza ya Kenya. Sisemi alifanya vibaya. Alitaka usalama wa kazi, alitaka kusafiri, alichoka na barua za wizara ya mambo ya ndani ya huku, na sababu hizo ni nzito. Lakini kwa upande wa kura hesabu yake ilikuwa ya kutoa tu. Kuna mama mmoja wa jumuiya yetu aliyekataa kubadilisha pasipoti kwa miaka thelathini, tukimcheka. Yeye amekuwa akipiga kura ya mbunge wa huku muda wote huo, na 2022 akaenda Portland Place akapiga ya Kenya. Sasa anatucheka yeye.

Wapo mliosema, na mna haki ya kusema, kwamba mtu asiyekunywa maji ya Nairobi wala kupanda matatu za Nairobi asimchagulie rais anayezipanda. Nimelifikiria hilo. Ningekubali kama uhusiano wetu na Kenya ungekuwa wa kumbukumbu tu. Lakini karo ya mtoto wa ndugu yako inapanda na kushuka kwa sera za Nairobi, na wewe ndiye unayeilipa. Shamba la baba liko chini ya sheria za ardhi za Kenya. Mwili wako, siku ikifika, wengi mmeshaagiza upelekwe wapi. Kama bado unaona usipige kura, usipige, hiyo ni hiari yako. Ila jambo la uraia litazame peke yake, kwa sababu halikuhusu wewe tu.

Na hapa nageukia watoto na vijana, maana kwenu nyinyi ndipo kuna jambo kubwa zaidi.

Chini ya Katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia kupitia kwa baba. Mama Mkenya aliyezaa pale hospitali ya Whipps Cross na baba Mghana au Mjamaika, mtoto wake hakuwa Mkenya. Na hata aliyekuwa na nchi mbili tangu utotoni, akifika miaka 21 alitakiwa kuchagua moja. Katiba ya 2010 iliondoa yote hayo. Sasa mama na baba ni sawa, na kwa wale mliozaliwa kabla ya Agosti 2010 inatosha kwamba mmoja wa wazazi wenu ni raia au aliwahi kuwa raia. Nyinyi hamrejeshewi uraia. Nyinyi ni raia wa kuzaliwa. Kuna vijana wamejaza fomu ya kurejeshewa wakarudishiwa, kwa sababu huwezi kurejeshewa kitu ambacho hukupoteza. Mnachohitaji ni kuthibitisha, na uthibitisho wenu unapita kwenye karatasi za wazazi.

Lakini wapo waliozaliwa baada ya hapo. Kwa hao Katiba inaangalia siku ya kuzaliwa: je, siku hiyo mama au baba alikuwa raia wa Kenya? Tuchukue tena kaka yetu wa Barking. Tuseme hakuomba, na mkewe naye aliapa zamani na hakuomba, na mwaka 2014 wakapata mtoto wa kike. Siku ile mtoto anazaliwa, kwa maandishi ya sheria, hakuna Mkenya chumbani. Nyanya yuko Kakamega, jina la mtoto ni la nyanya, lakini ofisa akisoma Kifungu cha 14 kama kilivyoandikwa ana sababu ya kuuliza maswali magumu. Binamu yake, mtoto wa yule dada aliyeapa Oktoba, haulizwi lolote. Mwaka 2032 wasichana hao wawili watakuwa na miaka 18. Mmoja ataandikishwa kupiga kura ya Kenya kwa kuonyesha pasipoti. Mwingine atatafuta wakili. Ninyi mnaotarajia kupata watoto na cheti chenu ni cha kabla ya Agosti 2010, msingoje uchaguzi. Ombeni kabla mtoto hajazaliwa.

Kwa wale wanaowaza mbali zaidi ya kupiga kura, kwa maana nawajua mpo mnaotaka ubunge, Kifungu cha 99 kinamtaka mgombea awe raia wa Kenya kwa angalau miaka 10 mfululizo kabla ya uchaguzi. Ukikisoma kwa macho ya kawaida, aliyerejeshewa uraia mwaka huu anaweza kupiga kura 2027 bila shida, ila kugombea angoje sana. Na Kifungu cha 78 kinakataza wabunge, mawaziri na maafisa wengine wa ngazi hiyo kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo hata miaka hiyo ikitimia, pasipoti ya Uingereza itabidi ibaki nyuma.

Tarehe 9 ya mwezi huu nilikuwa na ndugu zetu Watanzania kwenye sherehe yao ya uhuru. Sheria yao mpaka leo haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania anayeapa hapa anapoteza wa kwao kama sisi tulivyopoteza, na hana fomu ya kurudi kama sisi. Waliniuliza kama ni kweli kwamba Wakenya wana haki hiyo tangu 2010 na wengi hawajaitumia. Niliona haya kidogo kujibu.

Kwa hiyo, karatasi. Tafuteni cheti cha kuzaliwa cha Kenya. Waliozaliwa vijijini bila cheti, anzeni kwa ndugu walio nyumbani, maana usajili wa kuchelewa unataka mashahidi na wazee wanaotufahamu wanapungua. Tafuteni kitambulisho au pasipoti ya zamani, hata iliyokatwa pembe. Tafuteni cheti cha uraia wa Uingereza na pasipoti ya sasa. Akina mama walioolewa wakabadili majina, tieni na cheti cha ndoa, kwani jina la kwenye kipande na jina la kwenye pasipoti yakitofautiana, maombi yanasimama hapo. Maombi yenyewe huanzia kwenye mtandao wa eCitizen, na wazee wasioweza kompyuta wamesaidiwa na wajukuu, jambo ambalo limewafundisha wajukuu majina ya vijiji kuliko somo lolote la Jumamosi.

Nimeleta nakala za orodha hiyo kwa Kiswahili, ziko mezani karibu na mlango. Wale ambao tarehe zao ziko karibu na Agosti 2010 na hawana hakika, njooni tuongee kabla muziki haujaanza. Nitakuwa pale pale mezani.